Kiti Upande wa Mwanangu

Cork, Ayalandi
3 Machi 1968

Ndugu yangu Fred Amolo,

Barua niliyomwandikia baba mwezi wa Januari imerudi. Haikufunguliwa. Nyuma yake ameandika "Rudisha kwa mwenyewe", kwa mwandiko ule ule ulioandika jina langu kwenye sanduku la mbao siku ile mimi na wewe tulipokutana bwenini. Wewe unayekaa kaunta ya telegramu huko Kisii, niambie, mtu akirudishiwa barua namna hiyo hufanya nini?

Nilichomwandikia nakuambia wewe. Ninaoa. Msichana anaitwa Nora, binti wa mkulima wa ng'ombe wa maziwa, si mbali na chuo hiki. Ni Mkatoliki, na nyumba yao yote ni Wakatoliki tangu enzi na enzi. Padri amekubali nibaki Msabato kama nilivyozaliwa, ila nimetia sahihi kwamba watoto watabatizwa kanisani kwao. Harusi ni Jumamosi, tarehe 10 Agosti. Nilimtangulizia habari mdogo wangu Angwenyi, naye hakuweza kufunga mdomo, ndiyo maana baba alijua kilichomo kabla ya kufungua.

Mimi ni mtoto wake wa kwanza, Fred. Siwezi kuoa kama mtu aliyeokotwa njiani. Nauli ya kumleta haipo, na hata ingekuwepo asingepanda ndege. Nataka neno lake tu, moja, linifikie siku ile.

Najua huja mjini kila Alhamisi ya pili ya mwezi kwa mkutano wa wakulima wa chai. Usimwambie lolote. Mtazame tu, uniambie kama amekonda.

Wako,
Jethro Onsongo


Kiogoro, Kisii
15 Machi 1968

Jethro,

Hajakonda. Ana koti lile lile la kahawia na kofia ile ile, na bado anagonga kaunta kwa kidole kama mwalimu anayetaka darasa linyamaze.

Jana alikuja akanunua stempu moja. Nikamuuliza ni ya kwenda wapi, akasema haina safari, ni ya kuweka. Kisha akaangalia ukutani, akasema, "Wewe kijana ya ziwa, hiyo watu ya Ayalandi ikioa, wageni wanakaa wapi?" Nikamwambia sijui, mzee. Akasema, "Mimi siulizi kwa sababu. Mtu anauliza tu." Akafika mlangoni, akarudi. "Na nani anasema kwa upande ya kijana?" Nikasema hilo nalo sijui. Akauliza la tatu, na hapo hakutazama ukuta tena, alinitazama mimi: "Ni nani alienda kuangalia hiyo boma yao?"

Akanieleza kwamba kwenu Abagusii hakuna ndoa bila esigani, mtu wa katikati, anayekwenda huku na huku kati ya nyumba mbili, akasema ukweli wa kila upande, kama kuna ugonjwa, kama kuna ugomvi, kama kuna uchawi. Nikamwambia kwetu Wajaluo pia yuko, tunamwita jagam. Akafurahi kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba jirani naye anafuga kuku. Halafu akasema, "Basi huyu yangu anaoa bila mtu katikati," akavaa kofia akaenda zake.

Jethro, mtu asiyetaka kujua haulizi maswali matatu. Niandikie kila kitu kuhusu harusi za huko. Nitamsomea.

Ni mimi,
Fred


Cork
7 Aprili 1968

Ndugu Fred,

Barua yako niliisoma nimesimama. Mwambie hivi.

Wageni wanaketi pande mbili za kanisa. Watu wa bibi harusi kushoto, watu wa bwana harusi kulia. Kila anayeingia anaulizwa mlangoni ni wa nani. Misa huwa asubuhi, baadaye watu huenda kula. Baba wa msichana husema, padri husema, na rafiki wa bwana harusi husema kwa niaba ya kijana. Kisha rafiki huyo huyo anasoma telegramu, na hili ndilo nataka umwambie polepole. Walioshindwa kuja, walio Marekani, walio Uingereza, walio hospitali, hutuma telegramu, nazo husomwa moja moja mbele ya watu wote. Aliyetuma anahesabiwa amefika. Nora ana shangazi aliyehama miaka arobaini iliyopita, na hajakosa harusi hata moja ya ukoo.

Kuna mengine yatakayomchekesha. Usiku wa kuamkia harusi, mama wa msichana huweka sanamu ya Mtoto Yesu nje chini ya ua ili mvua isinyeshe. Wanasema ikiwa imevunjika kichwa ndiyo nzuri zaidi. Jioni, watu wakicheza nyumbani, huingia vijana ambao hawakualikwa, wamejifunika nyuso kwa kofia ndefu za majani makavu ya ngano. Hawasemi jina. Wanacheza na bibi harusi, wanapewa kinywaji, wanaondoka. Kuwafukuza ni kufukuza baraka. Na mgeni yeyote anaweza kuitwa aimbe, hata kama sauti yake ni ya chura.

Keki ni ya orofa tatu, nyeusi, ya matunda makavu, inalowekwa wiski kwa miezi. Orofa ya juu hailiwi; inahifadhiwa mpaka mtoto wa kwanza abatizwe. Na wasiofika hutumiwa kipande chao kwa posta, ndani ya kiboksi.

Hayo ndiyo. Upande wa kulia sijui nitauweka nani.

Jethro


Kiogoro
10 Mei 1968

Jethro,

Nilimsomea jana kwenye benchi letu la wateja, sauti ya chini, maana foleni nzima ilitaka kusikiliza.

Sanamu ya kuwekwa nje ilimfanya afunge macho kama anayeomba uvumilivu. Vijana wa kofia za majani aliwaelewa kabisa, akasema hata kwenu zamani ngoma haikuwa na mlango. Kuhusu keki alisema, "Keki ya mwaka mzima? Na pombe ndani? Hiyo si chakula, hiyo ni dawa ya kidonda." Mimi nikacheka, yeye hakucheka.

Kisha akaja kwenye lile lililomleta. "Jumamosi," akasema. Mzee wa kanisa la Nyaramba kwa miaka ishirini na sita, atume neno la furaha liende kusomwa siku ya Sabato, juu ya glasi za pombe? Nikakunja barua. Mimi ni Mkristo wa kawaida tu, nitamjibu nini? Akagonga benchi kwa kidole. Halafu akaniuliza, na hii nakuandikia kama alivyosema: "Upande ya kulia itakuwa tupu? Hata mtu moja?" Nikamwambia ndivyo unavyoogopa. Akasema, "Watafikiri hana kwao."

Alisahau kofia. Nilimkimbilia nayo mpaka stendi ya basi.

Fred


Cork
2 Juni 1968

Fred,

Tumebadilisha siku. Sasa ni Jumatano, tarehe 7 Agosti. Mama yake Nora alilia, kwa sababu hoteli ilikuwa imeshakodiwa na binamu zake wa Uingereza wameshaomba likizo. Nora alimwambia, "Mama, hawa wana mtu mmoja tu wa kuja, naye anakuja kwa maneno. Tumpe siku yake." Nilipomsikia akisema hivyo nilijua kwamba sikukosea.

Na mwambie baba: kipande chake cha keki kitaokwa peke yake, bila tone la wiski. Nimesimamia mimi mwenyewe. Mama yake Nora alinionya kitu fulani kuhusu keki ya namna hiyo lakini anaongea haraka, nami nilikuwa nimeshapata nilichotaka.

Jethro


Kiogoro
12 Julai 1968

Jethro, ndugu yangu,

Kaa chini kwanza.

Baba yako alikuja jana akaomba fomu ya telegramu. Nikataka kumwandikia, akakataa. Aliandika mwenyewe, herufi moja moja, akaharibu fomu mbili. Nilimuuliza mbona anaandika kwa Kiswahili na si Ekegusii, akasema, "Wewe ndiye unabeba. Lazima ujue unabeba nini." Juu yake ameandika kwamba ifike Jumatano tarehe 7 Agosti, si kabla, si baada. Akarudia mara mbili: "Hata nini itokee, Jumatano."

Yaliyomo sikuambii. Yatasomwa mbele ya watu, na wewe utayasikia kama watakavyoyasikia wao. Nimeitia kwenye droo yangu, chini ya kalenda.

Alipomaliza alinishika mkono, akasema, "Haya, wewe sasa ndiye esigani." Nikamwambia esigani Mjaluo hajawahi kuonekana. Akasema mambo mengi mwaka huu hayajawahi kuonekana. Alikaa kwenye benchi kidogo kabla ya kwenda.

Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile.

Fred


Cork
8 Agosti 1968, Alhamisi asubuhi

Fred! Fred!

Nora bado amelala. Nakuandikia kabla chai haijapoa, ili jambo hili limfikie baba likiwa moto.

Mwambie upande wa kulia haukuwa mtupu. Niliingia nikiwa na Andrew, rafiki yangu wa chuoni, nikaona mabenchi yote ya kwetu wazi, nikatazama mbele nisilie. Kisha nikasikia viatu. Baba yake Nora alikuwa amewaambia watu wake mlangoni wajigawe. Majirani, wajomba, bibi mmoja mwenye fimbo mbili, wote walivuka wakaja kuketi kwetu. Aliyeulizwa mlangoni ni wa nani alijibu, "Wa Onsongo." Hawajui hata kulitamka, lakini walijibu hivyo.

Baada ya chakula Andrew akasoma telegramu. Ilikuwako ya shangazi wa Marekani, watu wakapiga makofi. Ya mwisho akanipa mimi, kwa kuwa ilikuwa Kiswahili. Nilisoma, kisha nikaitafsiri:

MIMI ONSONGO WA NYARAMBA NIMEFIKA. NIPENI KITI UPANDE WA MWANANGU.

Hakuna aliyepiga makofi. Baba yake Nora aliinuka kimya, akachukua kiti chake mwenyewe, akaizunguka nacho meza nzima, akakiweka kulia kwangu. Watu wote wakasimama. Yeye alikula keki amesimama, na kiti kile hakuna aliyekigusa hadi mwisho.

Jioni walikuja wale wa kofia za majani. Nilicheza, Fred, mpaka soli ikaachia. Walinitaka niimbe, nikaimba wimbo wa kwetu wa kupalilia wimbi, nikawaambia ni wa baba.

Keki inatumwa leo, viboksi viwili, chako na chake. Nenda Nyaramba ukamsomee barua hii nyumbani, si kwenye benchi. Mwambie alifika.

Mwenye furaha,
Jethro


TELEGRAMU
Imepokelewa kaunta: Kisii, 5 Agosti 1968, saa tatu asubuhi
Imetumwa: 8 Agosti 1968, saa tatu asubuhi

BABA AMEFARIKI JUMAPILI ALFAJIRI. MAZIKO JUMANNE. ANGWENYI


Cork
12 Agosti 1968

Amolo,

Tarehe ziko mbili juu ya telegramu, na ninajua kusoma. Angwenyi aliileta kwako Jumatatu. Uliituma Alhamisi. Katikati ya siku hizo ulinitumia ile nyingine.

Nilisimama mbele ya watu mia moja nikasema baba yangu anawasalimu, naye alikuwa ameshalala usiku mmoja chini ya udongo. Nilicheza ngoma, Fred. Mwana wa kwanza, anayepaswa kutangulia kutupa udongo kaburini, alikuwa anarukaruka na watu waliovaa majani. Ningesimamisha harusi. Au nisingesimamisha. Lakini ningejua, na lingekuwa jambo langu kuamua, si lako.

Alikuwa mgonjwa tangu lini? Uliniambia hajakonda. Esigani kazi yake ni kusema ukweli wa pande zote mbili. Wewe ulichagua.

J. Onsongo


Kiogoro
27 Septemba 1968

Jethro,

Nimeandika barua hii mara nne. Sitajitetea, nitakueleza tu.

Mwezi Machi hakuwa amekonda. Mwezi Mei alisahau kofia, na nilipomfikia stendi alikuwa amejishika kifua. Mwezi Julai alikaa kwenye benchi kwa sababu hakuweza kufika mlangoni. Aliniapisha nisikuambie. Alisema ukijua utarudi, na ukirudi utakuwa umeacha masomo na mchumba kwa ajili ya mzee ambaye hata hivyo atakufa. Nilikubali. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Jumatatu ile Angwenyi alikuja na macho mekundu. Nilimwandikia fomu mimi, yeye akitaja neno moja moja. Alipoondoka nilifungua droo kutafuta kalamu, nikaiona ile nyingine chini ya kalenda. Nilikuwa na karatasi mbili za nyumba moja, na moja iliandikwa na mwenye nyumba. Alisema hata nini itokee, Jumatano. Nilipiga hesabu ya ndege, ya meli, ya kila kitu. Usingefika kwenye maziko hata kwa muujiza, maana hayawezi kungoja. Kitu pekee ambacho ile ya Angwenyi ingefanya Jumatatu ni kumnyima baba yako kiti. Ndivyo nilivyofikiri siku ile. Leo sijui. Tarehe sikuzibadilisha, ingawa ningeweza, kwa sababu nilitaka uje unikasirikie ukiwa na ushahidi.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamweleza mwenyewe. Telegramu kukaa siku tatu bila sababu ni kosa kubwa. Nimeondolewa kwenye mitambo, nimepelekwa Marani kuuza stempu. Si neno.

Kwenye maziko nilikuwepo. Kaburi lilipokuwa tayari watu walisubiri, kila mtu akitazama nafasi yako. Mama yako alimwambia Angwenyi atupe mara mbili. Aliinama akatupa konzi ya kwanza akasema, "Hii ya Jethro." Kisha akatupa yake.

Barua yako ya furaha ilifika wiki iliyofuata. Ulisema niende nikaisome nyumbani. Nikaenda. Nilimsomea mama yako Bitutu, ameketi mlangoni, na Angwenyi akamtafsiria kwa Ekegusii. Tulipofika pale kwenye kiti alinyanyua mkono, tukanyamaza. Akataka hapo parudiwe. Tulirudia mara tatu.

Viboksi vya keki vimefika juzi. Changu kilikuwa kizima, kinanukia wiski kama duka la Mhindi siku ya Krismasi. Cha baba yako, ulichokisimamia wewe bila tone, kilikuwa kimeota ukungu wa kijani kote. Sasa nadhani unajua mama mkwe wako alikuwa anakuonya nini. Nilitaka kukitupa njiani. Nikasema hapana, nimeshaficha vya kutosha.

Mama alikipokea. Nikampa changu badala yake, nikasahau mambo ya Wasabato na pombe, akakisukuma kando. Alileta kisu, akakwangua ukungu pande zote, taratibu, mpaka kikabaki kipande kidogo kama kidole gumba katikati, cheusi, safi. Akakigawa vipande vitatu. Kimoja akampa Angwenyi. Kimoja akala. Kimoja akanipa mimi, akasema maneno ambayo Angwenyi alichelewa kuyatafsiri: "Wewe ulikaa na yeye kwenye benchi. Kula yake."

Nimekula, Jethro. Nililia kama mtoto mbele ya mama yako.

Usiponijibu nitaelewa.

Fred Amolo


Cork
15 Desemba 1968

Fred,

Nilikaa na barua yako wiki nyingi. Kuna siku nilikuchukia, na kuna siku niliona wivu kwamba wewe ndiye uliyekuwa kwenye lile benchi. Bado sijui ningeamua nini Jumatatu ile. Nora aliniuliza, nikashindwa kumjibu, na hapo ndipo hasira ilipoanza kuniishia.

Baba yake Nora amekipeleka kile kiti kwenye chumba chao cha mbele. Akija mgeni akitaka kukalia anaambiwa, "Hicho kina mwenyewe."

Mtoto anatarajiwa mwezi wa Mei. Orofa ya juu ya keki iko kabatini, nzima kabisa, na wiski yake yote. Akiwa mvulana ataitwa Onsongo, padri apende asipende. Mwisho wa mwaka ujao, masomo yakiisha, tutakuja wote watatu, na baba mkwe amesema naye atakuja kumwona mwenzake.

Sasa wananiuliza maswali usiku na mchana. Mgeni akifika kaburini Nyaramba anasimama upande gani? Anavua kofia? Anasema kwanza au anasubiri kusemeshwa? Aje na nini mkononi? Ni nani atasema kwa niaba yao, maana hawana mtu huko?

Nimewaambia wanaye. Tafadhali wajibu wewe, esigani wetu, na safari hii usifiche kitu.

Ndugu yako,
Jethro